Joto, Maji na Muda: Jinsi Aloi za Alumini Zinavyopata Nguvu

Alumini safi ni metali laini, na bamba lake jembamba hupindwa kwa mikono. Hata hivyo, mbawa za ndege za abiria huundwa kwa aloi za metali hiyo hiyo, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, na uimara wa aloi hizo haupungui ule wa feleji nyingi za kawaida, ilhali uzito wao ni takriban theluthi moja tu. Wengi hudhani kwamba siri yote imo katika mchanganyiko. Aloi ya 7075, yenye zinki, magnesi na shaba, inapokuwa imelainishwa hukatika kwa mkazo (nguvu ya kuvuta kwa kila eneo) wa takriban megapaskali 230. Aloi hiyo hiyo, bila kuongezewa chochote, ikipitishwa katika joto kwa utaratibu wake hufikia takriban megapaskali 570.

Jambo hili liligunduliwa nchini Ujerumani mwaka 1906, mtaalamu wa metali Alfred Wilm alipojaribu kuikaza aloi ya alumini yenye shaba kwa njia iliyozoeleka kwa feleji, yaani kuipasha moto na kuipoza ghafla. Haikukaza papo hapo. Vipande vyake vilipopimwa tena baada ya kukaa tu, ndipo vilipoonekana vimekuwa vigumu. Maelezo yalipatikana mwaka 1938, wakati Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa kazi yake, walipotumia eksirei kuonyesha kwamba atomi za shaba hujikusanya ndani ya alumini na kufanya vitonge vidogo mno, ambavyo huzuia tabaka za atomi zisiteleze kwa urahisi.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupasha aloi hadi viungo vyake vienee ndani ya alumini ingali yabisi, kama chumvi inavyopotea katika maji. Kwa 2024, ambayo ni aloi ya shaba na magnesi, joto hilo ni takriban nyuzi 495 za Selsiasi, na kwenye nyuzi 502 hivi mipaka ya punje zake, yaani fuwele ndogo zinazoiunda metali, huanza kuyeyuka. Nafasi ya kukosea ni finyu kiasi hicho, na alumini haiwi nyekundu inapopata moto. Fundi anayetegemea macho yake badala ya kipimajoto ataharibu kazi bila kujua.

Kutoka tanurini, kipande hutakiwa kuingia majini ndani ya sekunde chache. Kikichelewa, zinki na shaba hutengana mapema na kufanya chembe kubwa kwenye mipaka ya punje, nguvu hupotea na kutu hupata njia. Baada ya hapo aloi hukomazwa, yaani huachwa hadi vile vitonge vijikusanye: 2024 hukomaa yenyewe katika joto la kawaida kwa siku nne hivi, na 7075 huwekwa katika nyuzi 120 kwa saa 24.

Kati ya kupozwa na kukomaa kuna kipindi kifupi ambacho metali bado ni laini, na hicho ndicho kipindi cha kuipa umbo. Ndiyo maana riveti za 2024 huhifadhiwa katika friza hadi zinapohitajika, kwa sababu baridi huchelewesha ukomavu. Anayengoja hadi aloi ikomae kabisa atapata nyufa kwenye mikunjo, au bamba litajikunjua kupita kiasi linapoachiwa, kwa kuwa ukakamavu wa alumini ni kama theluthi ya ule wa feleji. Njia mpya zaidi, ambayo naiona yenye manufaa makubwa kwa maumbo magumu, ni kulikandamiza bamba likiwa bado moto ndani ya kalibu baridi, ili lipate umbo na kupozwa kwa mara moja.

Sehemu iliyokamilika isinyooshwe kwa moto wa gesi. Joto hilo hukuza vitonge kupita kiasi, na uimara uliopatikana kwa uangalifu mwingi huondoka bila alama yoyote juu ya metali. Ukomazaji wa kupitiliza hufanywa kwa makusudi tu, chini ya udhibiti, kama katika hali ya T73, ambapo sehemu ndogo ya nguvu hutolewa ili 7075 isipasuke inapobeba mkazo katika mazingira yenye unyevu na chumvi.

Kipimo cha ugumu peke yake hakitoshi kuthibitisha kazi hii. Aloi isiyokomaa bado na ile iliyopitiliza zinaweza kutoa namba ileile ya ugumu, kwa kuwa moja inapanda na nyingine inashuka. Upitishaji wa umeme huzitofautisha, kwani huongezeka kadiri zinki na shaba zinavyojitenga na alumini, na kwa sababu hiyo wakaguzi hupima vyote viwili kabla ya kuruhusu sehemu itumike.