Kufunga gia boksi ya AWD (ya kuvuta magurudumu yote manne) kwenye Mitsubishi Eclipse ya kuvuta mbele: jua kwanza nguvu inapita wapi

Hili swali naulizwa sana, na mara nyingi anayeuliza ameshanunua gia boksi, iko chini kwenye karakana inamsubiri. Anakwambia fundi, mimi nina Eclipse GS-T, ya kuvuta mbele, injini ni 4G63 ya turbo sawasawa na ile ya GSX ya AWD, sasa si nichukue tu gia boksi ya GSX niifunge? Kukaa itakaa, injini ni moja. Lakini ukiifunga vile ilivyotoka, ukaacha propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, kwa sababu gari yako haina difu ya nyuma (difu ni zile gia zinazogawa nguvu pande mbili), utatia gia, utaachia klachi, na gari itabaki palepale au itajivuta kidogo kama ng'ombe mgonjwa. Sababu yake nitaieleza taratibu maana ndiyo kila kitu kwenye kazi hii.

Kwanza tuelewane tunazungumzia gari gani. Hizi zilitengenezwa Normal, Illinois, kama saa mbili kwa gari kutoka hapa Chicago ninapofanyia kazi, kwenye kiwanda cha Diamond-Star, ubia wa Mitsubishi na Chrysler. Mitsubishi Eclipse, Eagle Talon na Plymouth Laser ni ndugu wa tumbo moja. Toleo la kwanza ni mwaka 1990 mpaka 1994, la pili likaanza 1995 na Eclipse yake ikafika 1999. Zenye turbo zilikuja za namna mbili, za kuvuta mbele tu na za kuvuta magurudumu yote manne. Gia boksi ya mbele tu inaitwa F5M33, ya AWD ni W5M33. Walioko nyumbani mkitaka kuijua hiyo injini, ndiyo ileile familia ya 4G63 iliyomo kwenye Airtrek turbo.

Sasa nguvu. Kwenye F5M33 ni rahisi, nguvu inatoka kwenye klachi, inapita kwenye gia, inaingia difu ya mbele, inakwenda matairi mawili, basi. Kwenye W5M33 katikati hapo wameweka difu nyingine, senta difu, ambayo kazi yake ni kugawa nguvu mbele na nyuma, nusu kwa nusu, na pembeni yake kuna viskasi kapling, yaani sahani nyingi nyembamba ndani ya mafuta ya silikoni, za kuzuia upande mmoja usikimbie peke yake. Na difu yoyote ya kawaida haiwezi kupeleka upande mmoja nguvu zaidi ya upande wa pili. Upande wa nyuma ukiwa hauna kitu, hauna uzito wa kusukuma, basi nguvu yake ni sifuri, na wa mbele nao unapata sifuri. Nguvu yote inaishia kuzungusha kitu kitupu. Kinachobaki kukusogeza ni ule ubishi wa viskasi peke yake, na viskasi haikutengenezwa kubeba gari.

Hili nililijua kwa kuumia. Zamani niliwahi kutoa propela shafti ya GSX iliyokuwa inapiga kelele, nikasema gari iende hivyohivyo maili chache tu mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Ilitembea kweli, pole pole, injini inanguruma na mwendo hakuna, tulipofika ilikuwa inanuka kuungua na viskasi imekwisha kabisa. Isitoshe transfa kesi, kile kiboksi kinachotoa nguvu kwenye gia boksi kupeleka kwenye propela shafti, ilikuwa imemwaga oili njia nzima, kwa sababu ile nira ya propela shafti, kichwa chake kinachoingia kwenye transfa, ndiyo inayoziba mkia wa transfa, ukiichomoa umefungua tundu. Nililipa mimi ile gia boksi na nilistahili kulipa.

Kwa hiyo ukitaka W5M33 ifanye kazi kwenye gari ya kuvuta mbele, senta difu lazima ifungwe isigawe tena. Wengine wanachomelea zile gia zake ndogo ziwe kitu kimoja, wengine wanaweka spuli, yaani kipande cha chuma kizima mahali pa zile gia, na mimi napenda spuli kwa sababu kuchomelea chuma kilichogumishwa kwa moto kunataka mtu anayejua joto, la sivyo kipande kinakatika na kuingia kwenye gia. Watu wanaogopa wakisikia difu imechomelewa, wanadhani gari haitakata kona. Hapana. Kona ya kushoto na kulia ni kazi ya difu ya mbele na hiyo hujaigusa. Ila siku ukija kurudisha propela shafti na senta imefungwa hivyo, hapo kwenye kona za polepole gari itajikaza na kitu kitavunjika.

Transfa kesi nayo usiitupe haraka, maana draivu shafti, ule mhimili wa kwenda tairi la mbele, ya upande huo inapita ndani yake. Mimi natoa gia za ndani, naacha ganda na sili zake, mkia nauziba. Flaiwili na klachi pima, usibahatishe. Oili ya gia weka ya daraja la GL-4, sinkronaiza za shaba, zile pete zinazosaidia gia kuingia, hazipatani vizuri na GL-5.

Faida ipo? Ipo, hasa ukitaka kutumia gia za Mitsubishi Lancer Evo ya kwanza mpaka ya tatu ambazo ni za familia hiyohiyo.

Lakini anayetaka gari nzima ivute kwa matairi manne, hiyo ni kazi nyingine kabisa na gia boksi ndiyo sehemu yake rahisi. Unahitaji propela shafti ya vipande vitatu na beringi zake, difu ya nyuma yenye uwiano unaolingana na wa mbele, na tangi la mafuta lenye umbo lingine ili shafti ipite. Toleo la kwanza la kuvuta mbele lina ekseli ya nyuma tofauti kabisa na ya AWD, utakata na kuchomelea bodi, mimi huwa namwambia mteja auze anunue GSX. Toleo la pili nyuma ni huru kwa zote, hapo kidogo tunaweza kuongea.

Na kabla hujainyanyua gia boksi kuifunga, ipime ikiwa mezani. Ingiza draivu shafti mbili, watu wawili wazishike zisizunguke, tia gia ya kwanza, halafu zungusha kwa mkono input shafti, ile inayoingia kwenye klachi. Ikizunguka, hata kwa ugumu, senta difu bado inagawa, ifungue tena.