Soma Udongo Kabla Hujakanyaga Mafuta: Kwa Anayeanza Kuendesha Porini Tabora na Kigoma

Kila mwaka mvua zikishakatika, kuanzia mwezi wa sita hivi, napata watu wawili watatu wanaotaka niwafundishe kuendesha nje ya lami. Wauguzi wanaokwenda kliniki za vijijini, mabwana misitu, vijana walionunua hadtopu ya kwanza. Karibu wote huanza kuniuliza habari za winchi, snokeli na taa za kufunga juu. Siku ya kwanza sigusi hata kimoja kati ya hivyo. Tunaegesha gari, tunashuka, tunatembea. Huku kwetu magari mengi hukwama kwa sababu dereva hakujua anakanyaga nini.

Tabora ukitoka mjini unakuta mchanga kwenye migongo ya ardhi, penye miombo. Ukiteremka taratibu kuelekea bondeni mchanga unapungua, na chini kabisa unaingia kwenye udongo mweusi, ndiyo mbuga yenyewe. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza mpangilio wa namna hii miaka ya 1930: udongo hubadilika kwa utaratibu uleule kutoka juu hadi bondeni, na hujirudia mgongo baada ya mgongo. Kwa dereva hiyo ni ramani ya bure. Ukiona miombo inakwisha, miti inapungua, nyasi na migunga inaanza, jua mweusi uko mbele yako hata kama barabara bado inaonekana nyeupe na kavu.

Mbuga ndiyo mwalimu wangu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ikiwa kavu ni ngumu kama saruji, imepasuka nyufa za kuingiza mkono. Inyeshe nusu saa tu, udongo unakunywa maji, unavimba na kuwa gundi. Unajaza kashata zote za tairi, na tairi mpya inageuka kipara. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nimebeba dawa, natoka Urambo kuelekea vijiji vya ndani. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe kando ya njia alinipungia mkono nikasimama. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, mvua imepita sasa hivi. Subiri jua likaushe mbuga." Nilimshukuru nikaendelea. Mita mia mbili mbele gari lilikaa kwa tumbo, magurudumu yote manne yanazunguka bure kwenye uji. Nililala humo. Asubuhi mzee yuleyule alikuja na maksai sita na minyororo ya plau, akalitoa.

Tangu siku hiyo sijawahi kushindana na mbuga iliyotoka kunyeshewa. Jua likiwaka vizuri kwa saa chache, ngozi ya juu hukauka na njia hupitika. Kama ni lazima upite ikiwa na unyevu, chagua gia kabla hujaingia, shika mwendo mmoja, usisimame katikati wala usibadilishe gia. Epuka mifereji iliyochimbwa na malori ya tumbaku. Tairi zao ni kubwa kuliko zako, ukiingia humo utashuka mpaka difu, ule uvimbe wa chuma katikati ya ekseli, iguse tuta la katikati, na hapo nguvu ya injini haina kazi tena. Afadhali tairi moja ipande juu ya tuta na nyingine ukingoni.

Mchanga wenyewe hauna makuu. Punguza upepo. Kama barabarani unatembea na 35 za PSI, shuka hadi 20, hata 18 gari likiwa tupu. Tairi hulala, alama yake chini hurefuka, uzito hugawanyika. Usikate kona kwa ghafla, na ukitaka kusimama acha gari lijisimamie bila breki, maana breki hujenga kilima kidogo cha mchanga mbele ya kila tairi. Beba pampu, na ujaze upepo kabla hujarudi kwenye lami. Tairi legevu kwenye mwendo wa kasi huchemka na kupasuka.

Kigoma ni habari nyingine. Panda njia za Kalinzi au milima ya Kasulu wakati wa mvua uone udongo mwekundu unavyokuwa. Haumezi gari, unalitelezesha. Hatari ya huku ni mteremko na mtaro. Kaa kwenye mgongo wa barabara, kwa sababu ukitoka pembeni kidogo gari huvutwa mtaroni pole pole na usukani haukusikii. Kushuka, weka gia nzito ya chini, toa mguu kwenye klachi kabisa, acha injini ishikilie gari. Anayeshuka kwa breki peke yake hufunga magurudumu, na gurudumu lililofungwa haliongozwi. Ukipanda ukashindwa katikati, usijaribu kugeuza. Gari likikaa ubavu kwenye mlima hupinduka. Kanyaga breki, ingiza rivasi, rudi nyuma ulikotoka, moja kwa moja.

Sasa ndiyo tuje kwenye ule mkono mdogo wa gia, wa kuunganisha magurudumu yote manne. Kwenye hadtopu nyingi utasoma H2, H4 na L4. H2 huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, H4 ni ya njia inayoteleza kwa mwendo wa kawaida, L4 ni ya nguvu nyingi na mwendo mdogo. Zile za zamani zina habu, vile vitovu vya magurudumu ya mbele, za kufunga kwa mkono. Usipozifunga, utaweka H4 na mbele hakutavuta. Zifunge kabla ya tope, usisubiri mpaka zizame ukazitafute kwa vidole. Na usitembee na H4 kwenye lami kavu: kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, ekseli zimeunganishwa pamoja, basi mfumo hujikaza mpaka kitu kivunjike.

Maji yanayotembea nayaheshimu zaidi ya tope. Malagarasi na Ugalla ina mamba na viboko, hiyo ni mito ya kupita darajani tu. Kwenye kijito kidogo, vua viatu, shika fimbo, vuka kwanza kwa miguu. Kama mkondo unakusukuma, utalisukuma na gari. Kwa anayeanza, kina kisizidi katikati ya gurudumu. Simama kwanza dakika chache difu zipoe, maana ikiingia ya moto kwenye maji ya baridi hufyonza maji kupitia sili. Injini ikizima ndani ya maji, usipige stati. Maji hayagandamizwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, konrodi, yaani mkono unaoisukuma pistoni, hupinda.

Lililobaki ni la kuvutwa, na hapa naomba unisikilize sana. Ukikwama kijijini watu hukusanyika, watoto mbele kabisa. Kamba ikikazwa ina nguvu ya kuua. Usiifunge kwenye kile kichwa cha mviringo cha trela. Kikikatika huruka kama risasi. Funga kwenye ndoano iliyoshikwa na fremu, tandika blanketi au gunia zito katikati ya kamba, na usiruhusu gari lolote kusogea mpaka kila mtu amekaa mbali kuliko urefu wa kamba. Mtafute mtu mzima mmoja anayesikilizwa pale, mwombe awarudishe watoto. Atafanya hivyo vizuri kuliko wewe mgeni. Lakini kabla ya kamba jaribu chepe: chimba mbele ya kila gurudumu, ondoa udongo chini ya difu, inua kwa jeki iliyokalia ubao, tandaza matawi. Nusu saa ya chepe hutoa magari mengi.

Ukishatoka, walipe vijana waliosukuma, halafu uliza njia ya mbele. Usimwulize wa bodaboda, yeye hupita popote. Mwulize dereva wa Fuso au wa trekta anayetoka huko uendako, na umwulize amepita saa ngapi, kabla ya mvua au baada.