Chaza na samaki katika maji mamoja: maana ya ufugaji mseto wa baharini

Ufugaji mseto wa baharini ni kuwaweka katika eneo moja la maji viumbe ambao mabaki ya mmoja ni riziki ya mwingine. Mfugaji humlisha samaki tu. Chaza huchuja chembe zinazoelea majini, na mwani, ukiwepo, hufyonza virutubisho vilivyoyeyuka. Kufuga mwatiko na mkizi katika bwawa moja ni jambo jingine, kwa sababu hao ni samaki wawili wanaokula vitu vinavyokaribiana. Katika mseto, kila kiumbe hula kwa njia yake, na ndiyo maana wanaweza kukaa jirani bila kunyang'anyana.

Kanada wamejaribu mseto huu katika Ghuba ya Fundy kwa samoni, kome na mwani. China wanaufanya kwa ukubwa katika Ghuba ya Sanggou, ambako chaza na mwani hujaza eneo kubwa la ghuba. Kwetu, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, walijaribu samaki, kombe na mwani katika mabwawa ya Makoba, Unguja, yanayojazwa na maji ya bahari.

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani chaza hula kinyesi cha samaki na kuyaacha maji safi. Huokota chembe chache za kinyesi na vumbi la chakula, lakini sehemu kubwa ya nitrojeni, kirutubisho kilichomo katika protini ya chakula, inayomtoka samaki haiko kwenye kinyesi. Hutoka kwenye matamvua ikiwa amonia iliyoyeyuka, na chaza hana namna ya kuichuja. Wanaoichukua ni vijimea vya majini, vile vinavyoyapa maji ya bwawa rangi ya kijani. Vijimea hivyo ndivyo chakula cha chaza. Mnyororo kamili ni chakula, samaki, amonia, vijimea, kisha chaza.

Mnyororo huo unahitaji muda, maana vijimea huchukua siku kadhaa kuongezeka. Kwenye vizimba vilivyo katika mkondo wenye nguvu, maji yenye amonia huwa yameshafika mbali kabla vijimea havijaota, na chaza waliofungwa kando ya kizimba mara nyingi hawakui kuliko wenzao walio mbali. Katika bwawa ambalo maji hukaa siku 3 hadi 7, vijimea huota humo humo. Kwa mabwawa yetu ya nyuma ya mikoko, basi, mseto wa chaza una mantiki zaidi kuliko kwenye vizimba vya maji ya wazi.

Kosa la pili ni la hesabu. Tuchukulie umevuna tani 1 ya samaki kwa kuwalisha kilo 1,800 za chakula chenye protini asilimia 30. Humo mna takriban kilo 86 za nitrojeni. Samaki huondoka na kilo 26 hivi katika nyama yao, na 60 zinazobaki huenda majini. Chaza mmoja wa kuuzwa, mwenye gramu 1.5 za nyama kavu na gramu 40 za gamba, hubeba karibu gramu 0.2 za nitrojeni. Ili waondoe kilo 60, wanahitajika chaza 300,000. Mfugaji mwenye chaza 5,000 ataondoa kilo 1. Anapata zao la pili lisilohitaji chakula cha kununua, nalo ni jambo zuri, lakini asijidanganye kwamba bwawa lake limesafishwa. Amonia iachiwe mwani. Tena nitrojeni iliyo ndani ya chaza huondoka majini siku ya kuvunwa tu. Chaza akifia kwenye kamba, yote hurudi.

Ukitaka kuona kazi yake, jaza ndoo mbili nyeupe maji ya kijani ya bwawa, lita 10 kila moja. Katika moja weka chaza 10 waliokomaa na uache nyingine bila kitu. Wakifungua magamba na kuchuja vizuri, baada ya saa chache tofauti ya rangi huonekana kwa macho. Angalia sakafu ya ndoo. Utepe mwembamba ulioshikana ni kinyesi. Mafungu mepesi kama pamba iliyolowa ni chembe alizozichuja akazitema bila kuzila. Mafungu hayo yakizidi sana, maji yana tope jingi, na chaza anatumia nguvu kutema badala ya kukua.

Kwa sababu hiyo chaza hawaning'inizwi popote tu. Maji ya bwawa yapite kwanza kwenye shimo la kutuliza tope, kisha yaingie mfereji wenye chaza, na mwisho mfereji wa mwani. Mwani ukitangulia, utafunikwa na uchafu. Chaza wakitangulia shimo la kutuliza, watazibwa na tope, hasa siku ya kukausha bwawa.

Vichanga, yaani chaza wadogo wa kuanzia, hukusanywa baharini. Toboa magamba makavu ya chaza, yapange kwenye kamba kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, uyatundike karibu na mikoko yenye chaza wengi. Msimu wa vichanga kushika kwenye magamba hutofautiana kati ya hori (mkono wa bahari) na hori, kwa hiyo tundika magamba 10 mapya kila mwezi na uhesabu vichanga kabla ya kuweka kamba nyingi. Gamba lenye vichanga 40 si baraka: punguza wabaki 5 au 6, la sivyo watabanana na kuwa wembamba. Kamba ya mfereji iishie sentimita 30 juu ya sakafu. Ikigusa tope, kaa na konokono wanaokula nyama hupanda.

Uchafu wa kuota juu ya magamba hupunguzwa kwa kuwaanika chaza saa chache, mara moja kwa wiki. Chaza wa mikoko amezoea kukaa nje ya maji bahari ikipwa, na wengi wa wanaomng'ang'ania gambani hawakuzoea. Waanike asubuhi au kivulini, si kwenye jua la saa saba.

Hatari nyingine huja usiku. Gizani vijimea, samaki na chaza wote huvuta oksijeni, na alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, badilisha maji na upunguze chakula. Kuongeza chaza kutazidisha tatizo. Masika nayo huleta maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Chaza hufunga gamba kusubiri chumvi irudi, lakini mafuriko yakikaa siku nyingi watakufa. Weka kamba zinazoweza kuhamishiwa upande wa bahari.

Lililobaki ni la mlaji, na hapa hakuna kulegeza. Chaza hukusanya mwilini bakteria, metali na dawa zilizomo majini. Nyavu zilizopakwa rangi yenye madini ya shaba zisikae karibu naye, na samaki wakipewa dawa uvunaji wa chaza usimame. Choo kinachovujia hori ni hatari kuliko kinyesi chote cha samaki. Ulaya, eneo la daraja la juu, ambalo chaza wake huuzwa moja kwa moja, hupimwa kwa kikomo cha bakteria wa E. koli 230 katika gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya gamba. Wa daraja linalofuata kwa kawaida husafishwa kwanza, na Uingereza muda uliozoeleka ni saa 42 katika maji safi yanayozunguka chini ya taa za urujuanimno. Njia hiyo hupunguza bakteria, ila sumu za baadhi ya vijimea haziondoki kwa kusafishwa wala kwa kupikwa. Sumu hizo zikipatikana, funga uvunaji, acha chaza kwenye kamba, na upime tena hadi majibu yawe salama.