Mkono wa Mrushaji Hauna Idadi ya Mipira

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayelipwa kusimamia warushaji wa besiboli, kwamba mkono huja na idadi yake ya mipira, na kwamba kila mpira unaorushwa mazoezini umeibwa kutoka siku ya mechi. Ninatibu mabega na viwiko vya warushaji hapa Marekani, na kauli hiyo imenichosha, kwa sababu ndiyo inayotumika kumwita mkaidi kila mrushaji anayetaka kufanya mazoezi zaidi kuliko uongozi unavyoruhusu.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mrushaji Trevor Bauer. Klabu ya Arizona Diamondbacks ilimchukua mwaka 2011, akiwa wa tatu katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu, huku kila mtu akijua kwamba alizoea kupasha mkono moto kwa kurusha umbali wa zaidi ya futi 300, wakati programu nyingi za klabu ziliishia futi 120. Akiwa nao alianza mechi nne tu katika ligi kuu, na Desemba 2012 akahamishiwa klabu ya Cleveland. Utaratibu wake wa mazoezi ulikuwa miongoni mwa mambo waliyovutana. Mwaka 2020 alishinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa msimu. Mrushaji Mike Marshall naye, aliyesomea sayansi ya mazoezi hadi shahada ya udaktari na kubishana na viongozi kadhaa njiani, alirusha katika mechi 106 mwaka 1974, zote akiingia katikati ya mchezo. Sidai kwamba watu wawili wanathibitisha jambo. Nasema tu kwamba dhana ya mkono wenye akiba ya mipira inayopungua haiwezi kuwaeleza.

Kinachoniudhi ni kwamba ligamenti ya ndani ya kiwiko, utepe unaofunga mifupa pamoja, huzungumzwa kana kwamba ni kamba kuukuu inayolika uzi mmoja mmoja. Ni tishu hai. Inapopewa mzigo unaopanda taratibu na muda wa kupona, nayo pamoja na misuli inayoizunguka hujenga uwezo. Inapopumzishwa wiki nyingi, uwezo huo hushuka. Kwa hiyo mrushaji aliyezoea mzigo mkubwa, akakatazwa ghafla kwa amri ya ofisi, kisha akapandishwa kilimani, yaani kwenye kichuguu anachosimama mrushaji wakati wa mechi, kurusha kwa nguvu zote, yumo hatarini, na hatari hiyo haionekani kwenye karatasi ya kuhesabu mipira. Huhesabiwa mipira ya mechi pekee, ilhali ile ya kupasha moto, ya kati ya raundi na ya siku za mazoezi huachwa, kisha tunaambiwa kwamba mzigo unajulikana.

Lazima nikiri mahali ninapokwama. Vipimo vya maabara vimekadiria kwamba kiwiko hukabili msokoto wa takribani nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kusokota) 64 katika mpira mmoja wa kasi, na ligamenti zilizotolewa kwenye maiti zilikatika karibu na nyutoni-mita 32. Tunasema misuli ya kigasha hubeba sehemu ya mzigo, na ninaamini hivyo, lakini siwezi kumwambia mrushaji yeyote ni kiasi gani misuli yake hubeba anapochoka. Vilevile, utafiti uliofanywa Birmingham, Alabama, ulionyesha kwamba kurusha umbali mrefu kabisa mtu anaoweza hukipa kiwiko msokoto mkubwa kuliko kurusha kutoka kilimani, na hubadilisha mkao wa mwili. Hapo viongozi wana hoja, nami siipuuzi. Mipira mizito ya mazoezi, inayozidi uzito wa kawaida, ni hivyo hivyo: huongeza kasi, na vijana waliojaribiwa nayo waliumia zaidi.

Mwezi uliopita alinijia mrushaji kijana mwenye daftari lililojaa umbali na idadi ya kila siku kwa miaka miwili. Nilibonyeza kwa kidole gumba chini ya nundu ya mfupa, upande wa ndani wa kiwiko, nikaunyoosha mkono huku nikiusukuma nje, na kabla haujanyooka nusu alikunja uso. Daftari lilionyesha wiki sita ambazo umbali wa kurusha ulishuka kutoka mita 90 hadi 36, kwa agizo la klabu. Wiki ya saba ilikuwa mechi, na maumivu yalianza humo.

Siwezi kuapa kwamba agizo lile ndilo lililomuumiza. Nilichowaandikia viongozi wake ni ombi moja: wasimrudishie mita 90, wala wasimfungie kwenye 36, ila wampe wiki nane za kupanda hatua kwa hatua, na kila jioni daftari lisomwe na kocha pamoja naye.