Kirusi kinapozima mwano: maswali ya wachuuzi wa dagaa

Juzi nilikaa na kina mama wanaouza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tukazungumza habari za virusi. Makuli walikuwa wanashusha magunia na maswali mengine nikayajibu nusunusu. Nayarudia hapa kwa utulivu.

Dada nesi, kama mwili una kinga, kirusi kinapitaje?

Kinga ziko mbili. Moja hujifunza: inakutana na kirusi, inakisoma sura, kisha inatengeneza silaha za kukilenga hicho tu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na chanjo huifanya mapema kabla adui hajafika. Nyingine umezaliwa nayo, na huamka ndani ya saa chache bila kumjua aliyeingia ni nani. Virusi hutumia ujanja mwingi kuikwepa hii ya pili.

Aliyekulia Usukumani anaujua mwano, lile yowe la kuitana watu. Ng'ombe wameibiwa usiku, aliyeona anapiga yowe, jirani anaupokea mwano na kuupeleka mbele, na kabla hakujapambazuka sungusungu wameshaziba njia. Seli zetu hufanya vivyo hivyo. Ndani ya kila seli kuna protini za doria. Virusi vingi vinapojizalisha huacha nyuzi pacha ndefu za RNA (kemikali inayobeba maagizo ya vinasaba), ambazo kwa kawaida hazizagai hivyo ndani ya seli nzima. Doria ikigusa uzi huo, seli inamwaga nje kitu kinachoitwa interferoni. Huo ndio mwano wake.

Interferoni yenyewe haiui kirusi. Inazifikia seli jirani, nazo zinafunga milango: zinapunguza utengenezaji wa protini na kuandaa vimeng'enya vya kukatakata RNA ya mgeni. Waliogundua jambo hili ni Alick Isaacs na Jean Lindenmann, London, mwaka 1957, wakichunguza virusi vya mafua kwenye utando wa yai la kuku.

Basi kirusi kinafanyaje mwano usisikike?

Kila kirusi na mbinu yake. Kirusi cha mafua makali kina protini iitwayo NS1, ambayo huzifunika zile nyuzi pacha ili doria ipite bila kuona kitu. Virusi vya ndui vilikuwa na hila nyingine: vilisambaza vipokezi bandia nje ya seli, interferoni ikanasa humo kabla haijamfikia jirani.

Kirusi cha Zika ni cha hapahapa kwenye ziwa letu. Kilipatikana mara ya kwanza mwaka 1947 kwa nyani mdogo aliyewekwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Chenyewe huacha mwano upigwe, halafu kinamwangamiza mpokeaji. Ujumbe wa interferoni ukifika kwenye seli jirani, hupokelewa na protini iitwayo STAT2 inayoupeleka hadi kwenye kiini. Protini ya Zika iitwayo NS5 huikamata STAT2 na kuitupa kwenye mashine ya seli ya kusaga taka. Kwa panya haiwezi, kwa kuwa STAT2 ya panya ni tofauti kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya panya wa kawaida kutougua Zika.

Kirusi cha Marburg, kilichowapata ndugu zetu wa Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, hufanya yote mawili: huficha nyuzi na hukata ujumbe njiani. Tena huanza kwa kuvamia seli za ulinzi zenyewe. Kinga inapozinduka, kirusi kimeshajaa mwilini.

Homa ni adui au ni rafiki?

Homa na maumivu ya viungo mara nyingi ni kazi ya interferoni na wenzake. Ni dalili kwamba mwano umesikika. Parasetamoli kwa kipimo sahihi haina ubaya. Aspirini usimpe mtoto. Lakini kwetu huku ziwani usiseme "ni mafua tu" kabla ya kupima malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Nikinywa kidonge cha rangi mbili mafua yataisha haraka?

Hapana. Antibiotiki hupiga bakteria. Kirusi hakina ukuta wala mitambo ambayo dawa hizo huishambulia.

Mume wangu ni mvuvi, mzima kabisa, anavuta nyavu usiku kucha. Kwa nini mnataka apimwe homa ya ini B?

Mama, swali hili limenikaa moyoni. Kirusi cha homa ya ini B huingia karibu bila mwano wowote. Huhifadhi vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli ya ini, na nakala zake za RNA hufanana na za seli yenyewe. Kazi ya kujinakili huifanyia ndani ya ganda lake, mbali na macho ya doria. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nacho miaka ishirini hana homa wala manjano, huku ini likipata makovu na hata saratani. Uzima unaouona haukuambii kitu. Kipimo cha damu ndicho kitakachokuambia.

Na umri una uzito. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi kinga yake hatimaye hukitoa. Kichanga akiambukizwa na mama, takribani 9 kati ya 10 hubaki nacho. Kwa hiyo zile chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 usizikose hata kama siku hiyo dagaa wamejaa mwaloni.

Akikutwa nacho?

Si kila mwenye nacho huanza dawa mara moja. Ini hupimwa kwanza. Anayehitaji hupewa tenofovir, kidonge cha kila siku, ambacho pia kimo katika ARV nyingi. Akishaanza asikiache bila kuambiwa, kwa sababu kirusi huweza kuibuka kwa nguvu. Wewe na watoto mpimwe, ambaye hana apate chanjo. Sahani na kikombe mnaweza kutumia pamoja. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake: kirusi hiki huishi kwenye damu iliyokauka hata siku 7.