Betri ya sola haihitaji kuisha kwanza

Hapa Uganda tumeambiana kwa miaka mingi: usichaji betri ya sola mpaka iishe kabisa, la sivyo "itazoea" kujaa kidogo tu. Maneno hayo yalitokana na betri za zamani za nikeli na kadimi. Betri ya asidi, ile nzito tunayoiweka chini ya kitanda kwenye trela letu la kulala hapa Jinja, huumia ukiifanyia hivyo. Ikikaa tupu, salfeti ya risasi, yaani chumvi ya madini ya risasi, hugandamana kwenye sahani zake na kuwa ngumu, nayo betri haijai tena kama zamani. Inauma kuona mtu akiua betri aliyoidunduliza kwa kufuata ushauri alioamini ni mwema.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Tumia nusu tu. Wati-saa 600 ni friji ndogo ya wastani wa wati 40 kwa saa 15. Alfajiri mimi hutazama mita kabla ya kuchemsha chai: ikikaribia volti 12.1 bila mzigo, yaani friji na vifaa vingine vikiwa vimezimwa, nusu imekwisha, siwashi friji tena, nangoja jua. Betri ya lithiamu huvumilia zaidi, lakini nayo haihitaji kumalizwa.