Barafu kwenye kiriba cha sakura? Acheni jamani

Naandika hii ili atakayeniuliza tena nimtumie kiungo, nirudi kwenye miche yangu. Sakura, ile miti ya maua ya Japani, haichanui Tanga mjini. Haitachanua hata ukiipa vipande vya barafu kila asubuhi, kama wanavyofundishana kwenye makundi ya WhatsApp. "Bwana shamba, nimeweka barafu mwezi mzima, mbona mti umekaa tu?" Umekaa tu, ndiyo. Ulitaka ufanyeje?

Baridi inayotakiwa si ya mizizi. Macho ya maua, yaani vitumba, hufanyika msimu wa joto, miezi mingi kabla ya kuchanua, kisha hulala. Ili yaamke lazima yapigwe baridi wiki nyingi, halafu joto lirudi. Na kila jicho hujihesabia lenyewe. Mwaka 1920 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alieleza jaribio la mbluberi, kichaka cha matunda madogo ya bluu, uliowekwa ndani kwenye joto, tawi moja likitokezea nje kwenye baridi. Tawi la nje lilichipua vizuri. Lililobaki ndani lilizubaa. Mti mmoja, mizizi ileile! Sasa wewe unapoza udongo wa nini?

Mbolea nayo si jibu. Samadi ya kuku haigeuki kuwa Desemba ya Tokyo.

Vitabu vitakwambia uhesabu saa za nyuzi 0 hadi 7, na kwamba sakura nyingi zinataka mamia ya saa hizo. Huku kwetu hata Julai, kusi ikivuma, usiku haukaribii nyuzi 7, kwa hiyo hesabu ni sifuri na mjadala umekwisha. Ila mimi hiyo saba hainikai sawasawa. Kule Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, kuna Prunus campanulata, sakura ya waridi iliyokoza, nayo huchanua Januari, wakati wastani wa joto mjini Naha ni nyuzi 17 hivi. Tena maua huanza kaskazini na vilimani, kisha huteremka kusini kadiri baridi inavyoshuka, kinyume na Japani kwingine kote. Ina maana kuna aina ambazo ubaridi wa wastani tu huzitosha. Kuna hesabu nyingine waliyoitengeneza Waisraeli kwa maeneo ya joto: baridi ya usiku hujilimbikiza, lakini jua kali la mchana laweza kuifuta kabla haijakomaa. Hiyo naiamini zaidi, ingawa ukipiga hesabu zote mbili kwa shamba moja hupati jibu moja, na anayekutajia saa kamili za kila aina bila kusita nina wasiwasi naye.

Hapo ndipo mtu wa Lushoto huninyooshea kidole: "Mbona kwetu plamu na pichesi zinazaa, si ndugu wa sakura?" Ni ndugu, ukoo wa Prunus wote. Lakini Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na zipo plamu zinazoridhika na baridi kidogo. Kwa hiyo huko milimani siwezi kukukatalia moja kwa moja. Kule Batu, kisiwani Java, Indonesia, wakulima wa matufaha huyapukutisha majani kwa mkono baada ya kuvuna, macho yakachipua kabla hayajalala usingizi mzito, na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kwa sakura je? Ningekuwa na shamba Lushoto ningejaribu campanulata kwa njia hiyo, bila kumwahidi mtu. Raskazone, hapa Tanga mjini, hapana.

Mbegu za mtandaoni, haraka haraka: sakura ya bluu haipo duniani. Kanzan, ile yenye petali tele za waridi, kwa kawaida haizai tunda, basi mbegu imetoka wapi? Hizi ni miche ya kubebesha, kama embe zetu. Somei-yoshino, aina iliyozagaa zaidi Japani, zote ni nakala za mti mmoja, ndiyo maana mtaa mzima unachanua siku zilezile.

Kama unachotaka ni matawi makavu yaliyojaa waridi, panda Gliricidia. Ndiyo, hiyohiyo unayowakatia mbuzi. Kiangazi kikibana hupukutisha majani na kuchanua tawi zima, na wapita njia wataapa kwamba ni sakura. Chomeka kipandikizi cha mita moja na nusu mvua za masika zikianza, kitashika. Mbegu zake ni sumu, watoto wasizichezee. Na maua hutoka kwenye matawi yaliyokomaa, kwa hiyo ukiufyeka kila mara hutaona hata ua moja. Mbuzi watafutie majani mengine.